Unga Wetu Ndani ya Sufuria ya Mtaliani

Baba Mwaja, mume wangu,

Nakusalimu sana huko uliko chini ya mawe. Mama yako anakusalimu; meno yamebaki machache lakini ulimi ni ule ule. Mwaja anakusalimu, anasema shikamoo baba. Chilongani, uliyemwacha mgongoni mwangu, anakusalimu akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Mbuzi mweupe naye amezaa mapacha. Kaka yako Chiwanga sikumwomba salamu. Atakuletea mwenyewe, na ndiyo sababu nakuandikia mbio mbio.

Naandika kwa mkono wangu. Herufi nilifundishwa kwenye darasa la ubatizo baada ya wewe kuondoka, usicheke zikilala upande.

Habari ni hii. Reli ya Wadachi imefika Dodoma, na wachonga mawe wa daraja ni Wataliani, wamejenga kambi yao ng'ambo ya korongo. Mwalimu wa misheni akasema darasa zima litakwenda kushinda huko, waone watu hao wanavyoishi, wanavyopika, na mji wao wa kwao ulivyo. Kaka yako akaja asubuhi hiyo hiyo. Akasema mtoto aliyefiwa haruhusiwi kula chungu cha mgeni mpaka pombe ya kumaliza msiba inywewe, ndiyo desturi ya ukoo wenu. Mwaja akila huko, shule basi, anampeleka kuolewa na yule mzee wa Hombolo mwenye ng'ombe.

Niliogopa, mume wangu. Lakini mtoto alikuwa ameshafua nguo yake na kuianika. Nikamjazia kibuyu unga wa uwele, nikamfungia na mlenda mkavu, nikamwambia apike chake, ale chake. Nikamwambia asisogelee baruti. Nikamwambia asikae juani. Nikamfuata mpaka kwenye kichuguu nikimwambia tena, wenzake wakawa wanacheka. Unanijua.

Aliporudi, maneno yalimtoka kama uwele kwenye gunia lililotoboka. Mtaliani mmoja mwenye masharubu aliwachorea mji wake chini kwa chokaa. Unaitwa Venesia. Baba Mwaja, ni mji uliokaa ndani ya maji. Mtu anakwenda kanisani kwa mtumbwi, anamtembelea jirani kwa mtumbwi. Sisi tunafukua mchanga wa mto mpaka kucha zinaisha, wao wanafungua mlango, maji haya hapa. Mwaja akamwuliza mbuzi wanalala wapi. Akajibiwa mbuzi hakuna. Mama yako aliposikia akasema basi huo si mji, ni mafuriko.

Sasa chakula. Mwalimu alikuwa amewaambia Wazungu wote wanakula mkate. Wakamkuta Mtaliani anasonga ugali. Ugali kabisa, wa mahindi ya manjano! Anaumwaga juu ya ubao, kisha anaukata kwa uzi. Ila watoto walikuwa wengi na unga wake haba. Mwaja hapo hakumkumbuka kaka yako wala mimi. Alimwona mtu anakung'uta mfuko mtupu mbele ya wageni, akafanya kama alivyolelewa: akafungua kibuyu, akamimina unga wetu wote ndani ya sufuria yake. Ugali ukatoka wa kijivujivu, uzi ukaukata vile vile. Wakala wote. Mtaliani akalamba vidole.

Habari zikamfikia kaka yako kabla hata mtoto hajanawa miguu. Akaita wazee barazani. Akasema Mwaja amekula chungu cha mgeni, yamekwisha. Nikasimama pale, mimi mjane, nikasema, "Shemeji, unga ulikuwa wa nani?"

Akawageukia wazee.

Nikasema, "Mtoto wangu hakula kwa mgeni. Mgeni ndiye aliyekula chakula cha nyumba hii. Kama kuna wa kuadhibiwa, kamkamate Mtaliani."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga ugoro wake. Mama yako akapaza sauti kutoka ndani ya tembe kwamba mgeni huyo akikaa sana, palizi ikifika apewe jembe.

Kaka yako hakucheka. Amesema neno la mwisho ni lako. Keshokutwa anakuja hapo kaburini na pombe na kondoo, akuulize. Ndiyo maana nimemtangulia, naiweka barua hii chini ya jiwe la upande wa kichwa. Atakusemesha vizuri, na pombe imeiva, nimeinusa. Kunywa tu, usione haya. Lakini kumbuka ulivyonishika mkono homa ilipokuzidi, ukasema, "Huyu mtoto asifungwe macho." Hukusema mpaka Chiwanga aridhike. Hukusema hivyo.

Nakuahidi: pombe ya kumaliza msiba wako nitaipika mwenyewe, na siku hiyo Mwaja atasimama asome mbele ya ukoo mzima, wapende wasipende.

Lala salama, baba Mwaja. Nijibu upesi, kabla yeye hajafika. Kwa ndoto, kwa manyunyu, hata kwa mbuzi kukohoa, nitaelewa. Ila nikuambie kabisa: hata ukimjibu yeye kwanza, kesho asubuhi Mwaja anakwenda shule. Unga nimeshamfungia, na safari hii nimeongeza wa kugawa.

Mimi mkeo,
Mama Mwaja