Utepe wa Casimiro

Delfina, uko? Nina hasira mpaka basi!

Pikipiki yangu ya magurudumu manne imezimika tena kwenye kilima cha zizi la llama, mbele ya ukoo mzima. Shemeji Casimiro akacheka: "Hiyo haitaki sketi! Mama Ardhi amekukataa. Lete funguo."

Haitaki sketi! Ananiambia hivyo mbele ya mama mkwe!

Nikashuka. Nikafungua kifuniko cha tanki, tanki likavuta hewa, fyuuu! Nikawasha, ikawaka. Nikakifunga, punde ikazimika. Nikafungua, ikawaka. Tanki halipumui, petroli itashukaje?

Nikakagua kimrija cha hewa cha kifuniko. Unajua kilikabwa na nini? Utepe wa baraka! Ule wa Jumanne ya sikukuu ya kanivali, tulipoiombea pikipiki baraka za Mama Ardhi kwa kuimwagia bia na maua. Na aliyeukaza hapo ni nani? Casimiro!

Nikaukata. Akapiga kelele: "Unakata baraka!"

"Baraka ilikuwa ile bia, shemeji. Hii ni kamba yako tu."

Nikafunga kifuniko, nikawasha: ikanguruma, haikuzimika tena.

Mama mkwe, mama yake mzazi huyo Casimiro, akazikusanya sketi zake zote alizovaa moja juu ya nyingine, akapanda nyuma yangu. "Endesha, mwanangu. Huyu atakuja kwa miguu."