Kanda ya Ndama Isiyofika Mwisho

Jumatatu, 9 Februari 1998

"Katuni ikitaka wakubwa wasisinzie, lazima iwe na utani wa kikubwa, upite juu ya vichwa vya watoto." Hayo ni ya Jillo, mwenye banda la video hapa Garsen, leo asubuhi akipangusa matope ya mafuriko kwenye benchi zake. Upuuzi. Mtu wa filamu za mateke ananifundisha furaha! Nikamwambia mkubwa hacheki kwa kuwa amekonyezwa. Anacheka kwa kuwa aliogopa, kisha hofu ikamtoka. Mtoto vilevile. Na hofu yenyewe ni ileile: kupotea, kuachwa, kurudi nyumbani ukute hakuna mtu.

"Mwalimu," akasema, "wewe hata chai ukikaribishwa utabishana nayo."

Nimerudi nyumbani. Chai hakuna. Hakuna mtu.

Jumatano, 11 Februari

Mke wangu Halima bado yuko kwa babake, barabara ya Ngao, na binti yetu Habiba. Tangu kabla ya Idi. Ni ule mkutano wa mafuriko. Mzee Buya, mkwe wangu, alisema maji yakishuka watu warudi kulima kandokando ya mto. Nikasimama mbele ya halaiki nikamjibu kwamba anawapeleka watu kuzama. Hoja ilikuwa yangu. Bado ni yangu. Watu walinipigia makofi, na Halima alikuwa anafunga mizigo kabla hayajaisha.

Binamu yangu ameniletea kanda kutoka Mombasa. Katuni. Ndama ametengwa na mamake, mto umefurika kati yao. Niliitazama nusu kwa Jillo, petroli ya jenereta ikaisha. Nililia. Jillo akajifanya anatafuta waya.

Sasa najua nataka nini. Nataka Mzee Buya na Halima na Habiba waione, mimi nikiwa bandani humohumo. Wacheke nikiwasikia. Sina dawa nyingine. Kuomba radhi kwa maneno nimejaribu, yakageuka hotuba.

Ijumaa, 13 Februari

Nimemshinda Jillo. Banda lake ni la wanaume na giza; Jumapili litakuwa la watu. Alasiri, madirisha wazi, leso zimetundikwa katikati: wanawake na watoto kulia, wanaume kushoto, televisheni mbele ya wote.

Kwa mkwe siendi mwenyewe. Nilimtuma shangazi yangu. Jibu: atakuja, atawaleta. Ila nisikae karibu naye, si adabu. Nitasimama kando ya televisheni nikitafsiri Kiingereza.

Sina hamu ya kula.

Jumapili, 15 Februari

Nimeanguka.

Mwanzo ulikuwa mzuri, ndiyo maana inauma. Walijaa, wafugaji na wakulima ambao sokoni hawasalimiani. Mama mmoja wa Kiorma, mfugaji, alipomwona ndama akapaza sauti: "Ndama gani hii? Mguu kama ya mbuzi!" Banda zima likacheka. Kisha mama ng'ombe akalia ng'ambo ya maji, na mama yuleyule akanyamaza, leso mdomoni. Ndama akakimbilia ng'ombe wa kwanza aliyemwona, akaingia chini anyonye. Fahali. Mzee Buya alicheka mpaka akajishika mbavu. Upande wa pili wa leso nikamsikia Habiba, wakati uleule, kicheko kilekile. Umri wa babu na umri wa mjukuu. Nikamtazama Jillo: unaona?

Ndipo akaingia kasuku, ambaye katika nusu niliyoitazama hakuwamo. Akasema neno lake kuhusu usiku wa arusi. Limewekwa pale makusudi, kwa ajili ya "wakubwa". Sikulitafsiri.

"Mwalimu, kasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Kasema! Mdomo umekwenda!"

"Mwalimu anatuficha, jamani!"

Na Jillo, kule mlangoni, akashindwa kujizuia. Akalitafsiri lote, kwa sauti, na mkono juu.

Vijana wakapiga mayowe. Upande wa leso, kimya. Hao waliochora hawajui chumba hiki: baba mtu, binti yake nyuma ya kitambaa, mume wa binti amesimama mbele yake. Mzee Buya aliinuka, akainamisha kichwa, akatoka. Hakunitazama. Wakwe wengine wakafuata, mmoja baada ya mmoja. Halima akamvuta Habiba, mtoto analia, shingo imegeukia televisheni. Jillo akazima.

Jumatatu, 16 Februari

Banda limerudia filamu za mateke. Leso zimeondolewa. Jillo alikuja kuomba msamaha, kisha akasema, "Lakini wakubwa walicheka, sivyo?" Hoja nilikuwa nayo. Nguvu sina.

Halima hatarudi. Sasa hata babake hawezi kulitaja jina langu mbele yake bila aibu. Nimelala mchana kutwa kama mgonjwa.

Alhamisi, 19 Februari

Shangazi alimleta Habiba kunisalimu. Amekaa kwenye kizingiti, miguu nje.

"Baba, ndama alivuka?"

"Sijui, mwanangu. Sikufika mwisho."

"Babu naye anauliza. Lakini Mama amesema Babu hawezi kurudi kule."

Tukala maembe. Jua likapungua, shangazi akamchukua. Nilisimama njiani mpaka sikuwaona. Kanda iko mezani. Peke yangu siitazami.

Ninyi mnaochora katuni huko mliko na kuziita za familia nzima: lile neno la kasuku, litoeni. Mkubwa hakulihitaji. Alikuwa amekwisha kucheka. Yuko mzee hapa Garsen anataka kujua kama ndama alivuka. Mwacheni akae na mwanawe na mjukuu wake mpaka mwisho.