Mama Sanobar na Kibakuli Kisichojazwa

Leo mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuomba bisibisi yako badala ya dawa, ukaishika, ukalala, usiamke tena.

Miaka thelathini na mmoja ulitengeneza mota za kiwanda cha hariri hapa Margilan, Uzbekistan. Ulipostaafu, kukaa bure kukakushinda. Ukakusanya mashine mbovu za kufulia, ukazifungua chini ya mzabibu wa uani, ukawaita wasichana wa mtaa. Aliyekuja amejipamba ulimtania, "Umekuja kuposwa au kufanya kazi?" Hukuwahubiria kuhusu kompyuta. Uliwapa mota na nyaya, wakaunda roboti, kisha wakajifunza kuiandikia programu kwa hamu ya kuiona ikitembea. Ikigonga ukuta ulisema, "Haya, ukuta umeshinda. Nani analipiza?"

Mjukuu wako Gulsanam alipopata nafasi ya kusomea kompyuta mji mkuu, Tashkent, baba yake, mwanao Botir, alikataa katakata. "Msichana na kompyuta wapi na wapi? Akae hapa ashone." Hukubishana naye. Ulimwambia tu, "Kesho njoo unywe chai."

Akaja. Roboti ya Gulsanam ikajikokota mkekani, ikainua birika, ikamimina. Ikamimina weee, mpaka kibakuli cha kunywea chai kikafurika.

Botir akasimama, uso umemwiva. "Kibakuli tele! Yaani hata chuma kinaniambia ninywe niende zangu? Nyumbani kwa mama yangu mzazi!"

Gulsanam akaangua kilio. Wewe ulicheka mpaka ukashika nguzo.

"Keti, mwanangu. Chuma hakina adabu, kinafanya kilichoandikiwa. Wewe mwenyewe nilikufundisha miaka mingapi kummiminia mgeni chai kidogo ili akae? Mpe mwanao dakika tano."

"Bibi, nimekosea muda wa kumimina," alisema Gulsanam huku akijifuta machozi. Akarekebisha mstari mmoja kwenye kompyuta. Safari hii chai ikaishia chini kabisa ya kibakuli, kama inavyotakiwa. Botir akanywa, akanyoosha mkono tena. Na tena. Vibakuli saba, Mama, sote tulihesabu. Cha saba alikishika muda mrefu, kisha akauliza, "Hiyo treni ya Tashkent inaondoka saa ngapi?"

Gulsanam yuko mwaka wa pili sasa, na anafanya vizuri. Likizo zote hufundisha hapa uani, na wasichana wamefika kumi na wanne. Bisibisi yako wanaigombania kila siku. Anayefagia ua kabla hawajaja ni Botir, ungeamini? Baba yeyote akisitasita mlangoni, yeye humvuta mkono: "Ingia kwanza unywe chai, maneno baadaye."

Alfajiri ya leo tumepika pilau ya kukuombea dua, na mtaa mzima umekuja. Roboti imewahudumia wageni wote bila kumwaga tone. Ilipofika penye kigodoro ulichokuwa ukikalia, Botir ameizuia. Amechukua birika mwenyewe, akakumiminia chai kidogo sana, ya mgeni tusiyetaka aondoke. Kisha amelia, na hakujificha.

Unakumbukwa na mwanao Botir, mkweo Hosiyat, wajukuu wako Gulsanam na Sardor, mdogo wako Tursunoy, na wasichana wote wa chini ya mzabibu.

Mungu akurehemu. Tutakukumbuka daima, Mama, na kibakuli chako hatutakijaza.