Kona ya Ukuta Mpya

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, magoti yangu tu ndiyo yameanza ukaidi. Wewe je, unakula, au kompyuta inakula kwa niaba yako?

Ukuta mpya wa bandari umekamilika. Mimi na kaka yako tunataka kuhamishia kibanda chetu sisi wafunga meli kwenye kona yake. Ofisi yenu ndiyo iliyopiga hesabu za mawimbi, pale pakoje? Naona maji yakigonga ukuta yanarudi, yanakutana na yanayokuja.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, na nakula. Pole na magoti.

Msiwe na wasiwasi. Tulikuwa na programu mbili. Moja hufuata kila wimbi mpaka lirudi kutoka ukutani, lakini huchukua wiki tatu. Nyingine hukadiria nguvu ya mawimbi kwa jumla, siku moja imemaliza. Bosi alikuwa na haraka, nikachagua hiyo, inasifiwa sana kwa bahari ya wazi. Inaonyesha kona hiyo ni shwari. Wekeni kibanda. Mwambie kaka aache kuninunia, nitampigia.

Binti yako

20 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini mmeamka salama, wewe na Mama. Tangu tumzike kaka sijalia. Naenda kazini, nakunywa chai, nalala. Sihisi kitu.

Nimeendesha ile programu nyingine, wiki tatu nzima. Nimeiwekea dhoruba ileile ya Mei iliyomchukua, na kona ileile. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linapandana na linalofuata hadi mita nne. Wewe uliliona kwa macho tu. Mimi nilijua kwamba programu niliyochagua hailioni, nikanyamaza. Nimemwandikia bosi kwamba uamuzi ulikuwa wangu. Usinitetee kwa Mama.

Binti yako

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Tumeamka. Mama yako anashona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kazini.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi ya dhoruba kaka yako alitoka kibandani, akanifuata gatini, akasema, "Mzee, kona ile siipendi. Tutoke pale." Nikamcheka. Nikatoa barua yako ya Machi mfukoni, nikamsomea yote.

Akasema, "Haya, kama mdogo wangu kasema." Akarudi kibandani.

Baba yako