Koti la Miavuli Kumi na Mitatu

2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, tena leo nina uzima wa kupitiliza, mpaka naandika nikirukaruka. Ukiona herufi zinaruka mstari usidhani nimeugua.

Sikiliza! Kwenye ukumbi wa mafundi wamebandika tangazo la mashindano ya kazi za mikono. Kila fundi atengeneze zawadi kwa vitu vilivyokwisha kutumika, na zawadi iwe ya mtu mmoja anayejulikana. Halafu sharti lenyewe ni hili: mwenye zawadi aitumie siku ishirini na moja, ajaze kadi kila siku, ndipo waamuzi waikague tarehe tano Aprili. Hawataki pambo la ukutani, wanataka kitu cha kazi. Na mshindi anapewa chumba cha kazi pale ukumbini kwa mwaka mzima. Chumba, Shangazi! Chenye dirisha, na mlango wa kufunga kwa ufunguo!

Hali yangu unaijua. Cherehani iko barazani kwa Mzee Mwavuli, yule fundi wa miavuli aliyenipa kona, naye anafunga kibanda mwisho wa Aprili kwa sababu vidole vimegoma. Nisipopata pa kushonea, narudi kule kwa dobi kukunja mashuka. Nimekunja miaka minne, basi jamani, yatosha.

Sasa, huyu mzee ana miavuli iliyotelekezwa na wenyewe tangu enzi hizo. Vyuma vimepinda lakini vitambaa ni vizima. Kaniambia, "Beba, wenyewe walishanunua mingine." Nimehesabu kumi na mitatu. Nikajiuliza, ni nani ninayemjua anayenyeshewa kuliko watu wote? Jibu lilikuja kabla sijamaliza kuuliza. Ni mkunga mmoja anayekwenda kwa miguu nyumba hadi nyumba, aliyenilea mimi.

Nakushonea koti la mvua! Niletee vipimo kwa dereva wa mikate, keshokutwa anarudi huku. Simu yako najua ni ya wajawazito tu, sithubutu.

Mwanao,
Sindano

4 Machi

Sindano mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na goti ni lile lile, likitabiri mvua halikosei. Wewe unakula? Barua yako imefika inanukia mikate. Niliisoma nina njaa, nikaisoma tena nimeshiba, na mara zote mbili nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nimejipima kwa tepu yangu ya kupimia matumbo. Kifua, sentimita mia moja na nne. Mkono, hamsini na saba. Kutoka begani mpaka chini ya goti, mia moja na tano. Kiuno usiniulize, wewe shona koti literemke tu. Na uweke mfuko mkubwa kulia, wa mkasi na glavu, maana mkoba ukilowa ni balaa.

Mtu anishonee mimi koti! Nimewaambia wajawazito wote watatu wa wiki hii, na mmoja hata uchungu ulimpoa kidogo. Likifika nitalitunza kama zile glasi sita za kabatini, utaona mwenyewe.

Shangazi yako

13 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Goti je? Nina afya, ila macho mekundu kwa kushona.

Limekwisha! Limo ndani ya hilo furushi, acha barua, fungua kwanza. Umefungua? Mgongo ni mweusi, vipande sita vya miavuli ya wazee. Mikono ni ya buluu. Geuza kofia uone bitana: madoa mekundu! Ulikuwa mwavuli wa mtoto. Vifungo nimevikata kwenye mipini ya mbao, nimevisugua msasa mpaka vikawa laini kama peremende iliyonyonywa. Mzee Mwavuli amekagua mishono kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akasema, "Hm." Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Kadi iko mfukoni. Siku ya kwanza ni kesho. Na Shangazi, kuhusu zile glasi. Ziko kabatini tangu nipo darasa la pili na hazijaonja hata maji. Koti si glasi. Livae! Livae kila siku, nakuomba kwa magoti mawili.

Mwanao,
Sindano

24 Machi

Sindano wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Natumaini u mzima. Mimi mafua yamenibana, usijali, yatapita.

Koti! Nilipolivaa nikatoka nje, mama muuza maziwa alinizunguka mara mbili kama ng'ombe wa kununua. Akauliza nimelitoa duka gani. Nikamwambia, "Duka la nyumbani kwetu." Linanikaa, mwanangu. Mabega yako pale mabega yangu yalipo. Nalivaa kila siku kama ulivyosema, sijaruka hata moja.

Na uwe na amani kabisa, koti lako nalilinda. Leo ni siku ya kumi na moja, na katika hizo mvua imenyesha siku tisa, lakini halijalowa hata kidogo. Mvua ikianza tu, nalivua, nalikunja, nalitia kwenye mfuko wa plastiki, nalibana kwapani. Juzi nilitembea kutoka kwa mke wa fundi umeme mpaka nyumbani, mvua ya kumwaga, nikalowa chapachapa mpaka soksi. Koti kavu kama karatasi! Ndipo yalipoanzia haya mafua. Waamuzi watalikuta jipya kabisa, watashangaa wenyewe.

Kadi najaza kila siku.

Shangazi yako

25 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mafua, kunywa maji ya moto. Sasa niruhusu nipige kelele.

SHANGAZI! Umelikinga koti la mvua lisinyeshewe! Umelowa wewe ili koti libaki kavu! Nilimsomea Mzee Mwavuli, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Basi, chumba kimekwenda."

Hawaangalii upya, wanaangalia kazi. Watageuza mishono nje ndani kutafuta maji yalipopita. Wakikuta koti halijawahi kukutana na mvua, nitawajibu nini? Nalia na kucheka kwa pamoja, hata sijui naanza na kipi.

Nakuomba jambo, usinikasirikie. Kwenye kadi, zile siku tisa, andika tu "limenyeshewa, halikuvuja". Kisha lichovye kwenye beseni, lisugue ukutani kidogo. Nani atajua? Mwezi ujao mimi ni mtu wa kukunja mashuka, Shangazi.

Sindano

27 Machi

Sindano,

Marahaba. Nilikasirika, kisha nikapoa, ndiyo maana nimekawia kujibu.

Miaka thelathini na moja naandika saa za watoto kuzaliwa. Mtoto akija saa tisa na dakika kumi, naandika saa tisa na dakika kumi, hata kama baba mtu anataka iwe saa tisa kamili. Leo nianze uongo kwa sababu ya koti? Kadi ina ukweli mtupu: limevaliwa, mvua ilipoanza limevuliwa. Itabaki hivyo hivyo.

Lakini kosa ni langu, na nikuambie limetoka wapi. Kwetu nilizaliwa wa sita. Gauni lilinifikia likiwa limepita kwa dada watano, viatu vilinifikia vimeshazoea miguu ya wengine. Hata nguo ya harusi niliazima, na nikairudisha kesho yake. Sijawahi, mpaka uzee huu, kuvaa kitu kilichokatwa kwa mwili wangu mimi. Mvua ilipoanza siku ile ya kwanza, nilihisi mtu anataka kuninyang'anya. Nililivua bila kufikiri. Sikujua kwamba nakunyang'anya wewe. Nisamehe, mwanangu.

Basi nimeapa. Mvua ikinyesha, koti liko mwilini, lichanike likitaka. Ila sasa ona mikosi: mvua imekatika! Jana jua, leo jua. Natoka nje kila saa kuangalia mawingu, mpaka jirani kaniuliza kama nangoja mgeni. Goti nalo kimya, eti leo ndiyo limepona.

Omba mvua huko.

Shangazi yako

3 Aprili

Sindano!

Marahaba kwa shikamoo ambayo hujaituma. Mzima? Mimi ni mzima kuliko jana, na jana nilikuwa mzima kuliko miaka kumi iliyopita!

Jana asubuhi goti liligonga. Wakati huo huo simu ikalia, mama wa mapacha, tumbo linamkaza. Nikavaa koti, nikavuta kofia. Mvua ikanikuta darajani, ile ya kupiga kama kokoto. Na unajua mkono wangu ulifanya nini? Ulikwenda wenyewe kwenye vifungo! Niliupiga kofi mbele ya watu. Nikaendelea kutembea saa nzima, nacheka, maji yanateleza juu yangu kama juu ya bata.

Halafu likavuja. Nakwambia ukweli, limevuja bega la kulia, pale mkanda wa mkoba unaposugua mshono. Uchungu wa yule mama ukatulia, mapacha wamekaa zao kama wapangaji, basi nikapata nafasi. Nikaupaka mshono nta ya mshumaa nje na ndani, nikaweka gazeti juu, nikapiga pasi ya uvuguvugu. Saa tisa nikatoka tena kwenye mvua ile ile. Hata tone! Leo pia, hata tone. Yote nimeyaandika kwenye kadi.

Kuja siwezi, mapacha wanaweza kuamua saa yoyote. Nimempa dereva koti na kadi. Lina matope pindoni. Sikulifua, na Mungu ndiye anajua nilivyotamani.

Nipe habari upesi!

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo! Habari za huko sitauliza, nisamehe, siwezi kungoja.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na vikapu vya nyaya za umeme, mito ya suruali za jinzi, taa ya vijiko, kazi nzuri mpaka nikataka kurudi nyumbani. Mwamuzi mkuu ni mama fundi viatu, mwembamba, sauti kama ya mwalimu wa zamu. Alisoma kila kadi kwa kipaza sauti. "Kikapu ni kizuri sana, nakitumia kila siku." "Mto ni mzuri sana." Kadi kumi na tisa, wimbo mmoja.

Akafika kwako. "Siku ya kwanza. Limevaliwa. Mvua ilianza saa nane. Nimelivua." Watu wakaguna. "Siku ya pili. Limevaliwa. Mvua saa nne. Nimelivua." Mimi nilikuwa natafuta mlango kwa macho. Kufika siku ya tano ukumbi mzima unaitikia: "Nimelivua!" Mtu mmoja alikohoa kwa kucheka mpaka akapigwa mgongo. Kisha akasoma ya ishirini, nao wakasogeza viti kusikiliza. "Limenyeshewa. Limevuja bega la kulia, kama vijiko viwili. Nimepaka nta. Saa tisa limenyeshewa tena, halikuvuja. Nilikuwa mkavu. Nimefurahi."

Akaniita. "Mkanda wa mkoba hukuufikiria?" Nikasema sikuufikiria. "Ungeufikiria," akasema. Nikajua basi, mashuka hayo yananisubiri. Lakini akavua sweta, akavaa koti lako, likammeza mzima. Akasimama ndani ya karai akaagiza, "Nimwagieni!" Ndoo nzima, Shangazi! Na ya pili! Akavua, akajipapasa mabega makavu, akageukia watu. "Kadi kumi na tisa zimenisifia vitu. Hii moja imenieleza kazi. Siku mbili za mvua ya kweli nazichukua, ishirini na moja za maneno sizitaki. Na mtu aliyekubali kulowa yeye kuliko zawadi yake, huyo kapewa zawadi."

Chumba namba nne! Nilipiga ukelele mpaka taa ya vijiko ikalia. Mzee Mwavuli alifungua mwavuli humo humo ndani akacheza nao. Nimelia, nimecheka, sijala tangu jana na sina njaa. Ni wewe, Shangazi. Ni kadi yako.

Koti linarudi kwako kwa dereva. Bega nimeliongezea kipande cha pili.

Mwanao mwenye ufunguo,
Sindano

20 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Goti? Dereva kaniambia mapacha walizaliwa siku ile ile ya ndoo. Hongera! Mimi sijambo, kikohozi kidogo tu.

Chumba ungekiona! Kuta zimepakwa chokaa juzi, nyeupe pee. Sakafu inang'aa, dirisha linatazama mti. Nakifagia kila asubuhi, nakifunga, naweka ufunguo shingoni. Wakunga watatu wameshaniagiza makoti, na Mzee Mwavuli kaniletea miavuli yote iliyobaki.

Cherehani nimeiweka nje kwa sasa, barazani, pembeni ya mlango. Unajua nyuzi zinavyotapakaa, na mafuta ya cherehani yakidondoka sakafuni hayatoki. Nitaingia nikishapata pazia na mkeka wa maana. Upepo unasumbua vitambaa, na jana mvua ilinirushia kidogo, lakini chumba kiko safi kabisa.

Mwanao,
Sindano

22 Aprili

Sindano,

Marahaba. Afya yangu iache, tuzungumze yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani miwani imeharibika. Umepewa chumba, unashonea nje ya mlango? Unanyeshewa wewe, unakohoa wewe, ili sakafu ikae safi? Ama kweli wewe ni wangu, hakuna mahakama itakayobisha.

Jumamosi nakuja na gari la mikate. Nakuja na koti langu mwilini, na viatu vyangu vya kupitia matopeni, na sitavipangusa. Naingia chumba namba nne moja kwa moja mpaka katikati, nakanyaga kila kona. Zile glasi sita nimezifunga kwenye taulo, tutazinywea humo humo ndani, na moja ikivunjika na ivunjike.

Ingiza cherehani, mwanangu. Goti linasema Jumamosi itanyesha.

Shangazi yako