Flashi Iliyo Chini ya Vanila

Hell-Ville, Nosy Be
Jumapili asubuhi

Dada yangu Zaituni,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, hawajambo watoto, na macho ya Mama yanaendeleaje? Usinijibu "hajambo tu" kama unavyonijibu kwenye simu. Niambie kama bado anachagua mchele mwenyewe. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wivu.

Nakuandikia kwa Kiswahili alichotulea nacho Bibi kwa sababu aliyekuletea barua hii hajui hata neno moja. Huyo aliyekuja na ndege ya leo, akasimama mlangoni kwako na kopo mkononi, ndiye Hery, mwenzangu ofisini. Mkaribishe, mpe maji, kisha nenda ukasomee jikoni.

Unajua kazi yetu: tunapima joto la bahari na kulipigia hesabu kwa kompyuta. Hesabu hizo zinafanywa na kitu kinachoitwa maktaba. Si ya vitabu. Ni fungu la programu zilizokwisha kuandikwa na wataalamu, unaziweka kwenye kompyuta yako ukazitumia. Kuziweka ndiyo shughuli. Hakuna picha za kubofya, ni skrini nyeusi tu na amri unazoandika mwenyewe, nukta moja ikikosekana inagoma. Tena maktaba hii haikai peke yake. Inataka nyingine ziitangulie, kila moja kwa toleo lake, na ukiipa toleo jipya kuliko inalolitaka inakataa vilevile. Mwaka mzima nimehangaika nayo. Kila amri iliyokubali niliiandika kwenye daftari la shule, na kila iliyokataa nikaipiga mstari mwekundu.

Basi Hery akaazima daftari langu. Siku ya pili mkuu wa kituo anaingia, anamkuta Hery anaandika amri moja baada ya nyingine, zote zinakubali. Zitakataaje, na makosa yote nimeshayafanya mimi? Mkuu akasema, "Kumbe tuna fundi humu!" Nami nimekaa palepale, kalamu nyekundu mkononi. Hery akacheka tu. Hakusema daftari ni la nani.

Haukupita muda, ofisi mpya ya Amborovy ikaomba kuwekewa maktaba ileile. Amborovy, Dada! Kutoka hapo hadi kwetu Mahabibo ni mwendo wa kuchemsha chai. Miaka miwili naomba kutumwa upande huo, japo wiki moja, nimwone Mama kabla yeye hajashindwa kuniona. Wakampa Hery. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumpongeza. Alipouliza afikie wapi, mdomo wangu huuhuu ukamwambia, "Kwetu. Mama hakubali mgeni wangu alale hotelini." Adabu ya Bibi itaniua.

Sasa sikia nililofanya, na usipige kelele. Amborovy bado hakuna mtandao, kwa hiyo kila kitu lazima kibebwe kwenye flashi. Mkuu aliniagiza mimi nimtayarishie Hery. Nikatayarisha. Programu moja ndogo, ambayo bila yake maktaba nzima haiwaki, nikaifuta, flashi nikamkabidhi hivyohivyo. Nilijua akikwama atapiga simu, na mkuu atasema, "Raisa, nenda wewe." Siku tatu nilitembea kwa raha. Hata nguo ya kusafiria nilishaichagua.

Jana Hery akaja mezani kwangu na karatasi na kalamu, tayari kuandika. "Mama yako anapenda nini nimpelekee?" Akasema mama yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, hajui mama wa mtu mzima hufurahishwa na nini. Nilijitahidi kuendelea kumchukia, nikashindwa. Nikamwambia vanila, ya kutia kwenye godrogodro, ile keki ya nazi anayoipika Mama kila Idi. Akaenda sokoni kuinunua mwenyewe.

Kopo nimelifunga mimi. Chini ya vanila, ndani ya karatasi, kuna flashi nyingine, iliyo kamili. Mpe kabla hajaenda Amborovy kesho. Mwambie ile ya kwanza ina kasoro na Raisa ndiye aliyeitia. Mimi kumwambia usoni nimeshindwa.

Lakini usidhani wivu umeisha. Haujaisha hata kidogo. Kiti changu cha karibu na Mama asikikalie. Mpikie vizuri, ila kile kipande cha godrogodro kilichoungua pembeni, nilichokuwa nakigombania, usimpe yeye.

Nisalimie shemeji, na Mama Mdogo wa Ampisikina mwambie ubani alionitumia umenifikia. Watoto wabusu wote, na yule mdogo mara mbili.

Jambo moja, Dada, na hili nakusihi. Umeniambia siku hizi Mama akisikia mlango humpapasa uso kila anayeingia, akauliza, "Raisa, ni wewe?" Leo uwe karibu. Mjibu upesi wewe, umwambie bado. Usimwache Hery amjibu.

Mdogo wako,
Raisa