Dada, Siri Yako Nimeitoa

Dada yangu Spesiyoza,

Usinune kwanza. Ngoja nikueleze.

Mwaka ule wa korona nilitimiza hamsini, na serikali ya huku Australia ikaniletea kifurushi kwa posta. Ndani mna karatasi ya kutandaza chooni, vijiti viwili, vichupa viwili, na barua inayoniomba kinyesi changu nikirudishe kwa posta hiyohiyo, wakipime kama kina damu isiyoonekana kwa macho, maana inaweza kuwa dalili ya saratani ya utumbo. Makubwa! Mtaa wetu mzima wa Lidcombe tulikuwa tumefungiwa ndani, mimi natoka kwa kibali tu kwenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko nasafisha vinyesi vya watu kutwa nzima, wala sikunji pua. Changu mwenyewe kikanishinda. Kifurushi nikakitupa juu ya kabati, kikakaa wiki tatu.

Aliyenifanya nikishushe ni wewe. Nilikukumbuka kule kambi ya wakimbizi Kigoma, tunakwenda chooni wawili, wewe na kopo la maji, mimi nashikilia turubai la mlangoni lisipeperuke. Siku ile uliniita ndani nikaona damu. Ukanikamata mkono: "Niapie. Mama asijue." Nikaapa. Ukaanza kukonda, ukasema ni minyoo, ukacheka, na mimi nikaitikia minyoo. Tulikuzika hujafika miaka arobaini, na mpaka leo hakuna anayejua ulikuwa ugonjwa gani. Nilikukasirikia, Dada, na nilijikasirikia zaidi, kwa sababu mdomo nilikuwa nao.

Basi nikapima. Wanataka sampuli mbili, za haja mbili tofauti, na ya kwanza inaisubiri mwenzake kwenye friji. Kwa aibu nikaificha ndani ya kopo la aiskrimu. Sasa wewe unazijua nyumba zetu: kopo la aiskrimu kwenye friji ni la maharage. Mume wangu Zakaria akarudi kutoka kazini ghalani na njaa zake, akalifungua, akainua kichupa kwenye mwanga.

"Mama watoto, hii ni nini?"

"Ni choo changu."

Alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni.

Majibu yalirudi: damu ipo. Hapo sikucheka. Daktari aliniuliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kutokwa damu hivyo. Nikasema yupo, dada yangu, na jina lako nikalitaja lote. Wakaniingiza kamera, wakakuta vinyama viwili vimeota utumboni, wakavikata palepale kabla havijageuka saratani. Mimi ni mzima, Dada! Nasonga ugali kama kawaida. Na kwa kile kiapo sikuombi radhi. Kilikuwa kiapo kibaya na nilipaswa kukivunja siku ileile.

Aliyebaki kuambiwa ni Mama. Anaishi mtaa mwingine, Campbelltown, kwa mdogo wetu, na siku zile hatukuruhusiwa kutembeleana, kwa hiyo nilimpigia simu. Nikamwaga yote: damu yako, kiapo chetu, kunyamaza kwangu. Nilijua atanilaani.

"Mwanangu," akasema, "nguo zake nani alikuwa anafua?"

Ni yeye, Mama, aliyekuwa akizifua.

"Niliona. Niliona aibu kumuuliza."

Tulilia, yeye kwake na mimi kwangu, kilio ambacho hatukukilia hata siku ya mazishi yako. Kumbe tulikuwa watu watatu kwenye hema moja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kilekile.

Kisha Mama akapenga kamasi. "Na mimi walinitumia hicho kifurushi. Nilikisukumia chini ya godoro. Ngoja nikitoe, unisomee hiyo karatasi yao."

Nikamsomea mstari kwa mstari, na yeye, miaka sabini na miwili, yuko chooni na simu, ananikemea nisome polepole.

Pumzika, Dada. Nakupenda, na kwetu hakuna anayenyamaza tena.

Mdogo wako